Nani Alitutunzia Hizi Nyimbo?

Kwenye kompyuta yangu imo bendi inayoitwa "DDC Mlimani Park Orchestra Sik". Ni Sikinde, Ngoma ya Ukae, na mtu aliyeiandika hivyo hakukosea, aliishiwa nafasi. Mfumo wa kwanza wa kubandika maelezo kwenye faili la MP3, uliotoka mwaka 1996, ulitenga baiti 128 tu mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa herufi 30, la msanii 30, la albamu 30, na nafasi kati ya neno na neno ikihesabiwa humo humo. Kilichozidi kilikatwa. Aliyeubuni alikuwa na muziki wa kwao akilini, ambao msanii ana jina moja na wimbo unatoka kwenye albamu. Muziki wa dansi wa Tanzania haukuwa hivyo. Bendi ilibeba jina refu lenye jina la shirika lililoimiliki. Wimbo ulikuwa na mtunzi wake, waimbaji wawili au watatu, na mpiga solo ambaye mashabiki walimtambua kwa vidole vyake kabla hajatajwa. Tena mara nyingi ulirekodiwa redioni na haukuwa sehemu ya albamu yoyote. Mambo yote hayo yalikosa pa kukaa.

Hata hivyo jina hilo lililokatwa nalitazama kwa heshima. Mtu fulani alichukua kaseti, akaunganisha redio yake na kompyuta kwa waya, akakaa kusubiri wimbo uimbwe mpaka mwisho, maana kaseti hainakiliwi kwa pupa. Akaugeuza kuwa MP3, akaupa jina kadiri nafasi ilivyoruhusu, akauweka mahali ambapo mwingine angeukuta. Hakulipwa. Hakuandika jina lake popote. Na kwa sheria ilivyo, alitenda kosa.

Siku hizi watu wa rika langu wanapenda kuikumbuka enzi ya kushusha nyimbo mtandaoni, na mazungumzo huwa ya pande mbili. Upande mmoja unasema muziki ulikuwa bure, raha iliyoje. Upande wa pili unasema wasanii waliibiwa. Wote wana ukweli wao, lakini naona wote wanampita yule mtu mwenye kaseti na waya bila kumwona. Kwa miaka michache wasikilizaji wa kawaida, duniani kote, walifanya kazi ya maktaba: walikusanya, walinakili, waliandika majina, waliweka rafu zao wazi kwa wageni. Kazi hiyo sasa imekufa karibu yote, na hatukuirithisha kwa mtu. Muziki utakaolipia pengo hilo kwa gharama kubwa kuliko mwingine ni huu wetu.

Tuanzie ilikoanzia. Juni 1999 Shawn Fanning, kijana wa miaka 18 aliyekuwa amejiunga na Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, aliachia programu aliyoipa jina lake la utani, Napster. Seva za Napster hazikuhifadhi wimbo hata mmoja. Zilihifadhi orodha: nani yuko mtandaoni sasa hivi, na diski yake ina nyimbo gani. Ukitafuta jina, orodha ilikuonyesha wenye nalo, kisha kompyuta yako ilikwenda moja kwa moja kwa mmoja wao na kuchota. Akizima mashine, au mtu wa nyumbani kwake akiinua mkono wa simu ya mezani, wimbo wako uliishia katikati na ukaanza kutafuta mwingine mwenye nao.

Nyuma ya hayo kulikuwa na kazi ya miaka mingi ya Karlheinz Brandenburg na wenzake katika Taasisi ya Fraunhofer, Erlangen, Ujerumani. Walichunguza sauti zipi sikio la binadamu haliwezi kuzisikia pale zinapofunikwa na sauti nyingine, wakazitupa. Wimbo wa dakika nne unaochukua zaidi ya megabaiti 40 kwenye CD ukawa kama megabaiti 4. Kwa modemu ya kilobiti 56, hata laini ikiwa safi kabisa, hizo ni kama dakika kumi kwa wimbo mmoja, na laini haikuwa safi mara nyingi. Kwa hiyo hukushusha ovyo. Ulichagua, ukangoja, na wimbo ulipofika uliusikiliza kwa makini kwa sababu ulikuwa umekugharimu muda.

Lakini jambo la Napster ninalolililia zaidi ni dogo na halitajwi sana. Ukishampata mtu mwenye wimbo ulioutafuta, uliweza kufungua orodha yake yote, ukaikagua kama mgeni anayesubiri chai huku akipekua kaseti za mwenyeji. Kama mtu huyu anapenda wimbo ambao nilidhani ni mimi tu ninayeupenda, kitu kingine anachopenda ni kipi? Humo ulikuta mambo ambayo hakuna mashine ya mapendekezo ingeyaweka pamoja: rumba ya Kongo karibu na nyimbo za kanisani, taarabu karibu na hip hop ya New York. Rafu ya mtu ni maisha yake. Nir Arbel, aliyewahi kuwa mtayarishaji wa programu Napster, alianzisha Soulseek juu ya tabia hiyo hiyo, na Soulseek bado inafanya kazi mpaka leo, kimya kimya, ikitumiwa na watu wanaotafuta vitu visivyouzwa popote.

Kesi zilikuja upesi. Chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani kilifungua mashtaka Desemba 1999. Aprili 2000 kundi la Metallica lilifuata, na mwezi uliofuata mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, alipeleka orodha ya watumiaji zaidi ya 300,000 kwenye ofisi za Napster akitaka wafungiwe. Chuck D wa kundi la hip hop la Public Enemy alisimama upande wa pili, akiitetea Napster hadharani kama njia ya msanii kumfikia msikilizaji bila kupitia kampuni. Jaji Marilyn Hall Patel aliamua dhidi ya Napster Julai 2000, mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kwa sehemu kubwa Februari 2001, na Julai 2001 huduma ilizimwa. Ilikuwa imeishi miaka miwili tu.

Je, kampuni zilikuwa na haki ya kulalamika? Kisheria, ndiyo, na hoja ya Metallica kwamba mwenye kazi ndiye aamue kazi yake itoke lini na kwa njia gani naikubali. Lakini mikono yao wenyewe haikuwa safi. Mei 2000 Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kwamba kampuni tano kubwa za muziki ziliwawekea wenye maduka masharti ya matangazo yaliyozuia bei za CD kushuka, na ikakadiria kwamba wanunuzi huenda walilipishwa zaidi kiasi kinachofikia dola milioni 480 ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2002 kampuni hizo pamoja na maduka kadhaa zilimaliza kesi ya majimbo kuhusu bei hizo kwa fedha taslimu na CD zenye thamani ya jumla ya dola milioni 143, bila kukiri kosa. Mwaka uliofuata, kampuni zilezile zikageukia wasikilizaji. Kundi la kwanza la kesi, Septemba 2003, lilikuwa la watu 261, akiwemo mtoto wa miaka 12 wa New York ambaye mama yake alilipa dola 2,000 yaishe. Mama mmoja wa Minnesota aliishia kuamriwa kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Nikipima yote, naona kampuni zilikuwa sahihi katika kanuni na katili katika utekelezaji, na ukatili ule ndio uliomfanya kila mnakili aonekane shujaa, hata asiyestahili.

Maana wapo wasiostahili, na hapa ndipo kumbukumbu zetu tamu zinapochanganya mambo.

Huku Afrika Mashariki, Napster ilizaliwa na kufa watu wengi hawajaisikia. Kebo ya kwanza ya baharini ya kutuunganisha na dunia, SEACOM, iliwashwa Julai 2009, ikishukia Dar es Salaam na Mombasa. Kabla ya hapo intaneti ilipitia satelaiti, ghali na ya kusuasua. Kushusha nyimbo nyumbani kulikuwa anasa. Kwa hiyo mtandao wetu wa kushirikishana mafaili ulikuwa wa watu na miguu yao. Aliyeweza kushusha alikuwa mmoja: mwanafunzi wa chuo, mfanyakazi wa ofisi yenye intaneti, kijana wa intaneti kafe aliyeiacha mashine ikishusha usiku kucha wakati wateja wamelala. Yeye alichoma CD. CD ilikwenda kwa jirani, kwa binamu, kwa kondakta wa daladala, ikapanda basi kwenda Mwanza au Arusha. Ndugu walioko Muscat, London au Toronto, ambao walikuwa na intaneti nzuri mapema na kaseti walizosafiri nazo, walileta zao walipokuja likizo.

Kisha zikaja simu. Kwanza zile za kupeleka wimbo kwa miale, ambapo simu mbili zilipaswa kulala zimetazamana bila kutikiswa. Halafu Bluetooth, na neno lililotawala miaka ile: nirushie. Nirushie ile ngoma. Ulikaa karibu na mtu, ndani ya hatua chache, ukawasha, ukaona jina la simu yake, naye akakubali. Hakuna bando lililotumika, hakuna vocha. Simu za Kichina zenye laini mbili na spika zenye kelele, zenye nafasi ya memori kadi, ziliufikisha muziki mahali ambapo duka la kaseti halijawahi kufika. Urushaji huo ulidai uwe na mtu ana kwa ana. Ulijua wimbo umetoka kwa nani, na aliyekurushia alikwambia kitu juu yake, hata kama ni neno moja: sikiliza hiyo besi.

Sambamba na hapo vilikuwepo vibanda vya kuingiza nyimbo, na vipo mpaka leo karibu na stendi nyingi za mabasi. Kompyuta ya mezani, kisomeo cha memori kadi, mafolda yaliyopangwa: Bongo Fleva, Taarabu, Gospo, Bolingo, Zilipendwa. Ukienda Kenya, utakuta Benga, Mugithi, Ohangla. Mwenye kibanda alijua muziki. Mzee alipokuja akaimba mstari mmoja tu asioukumbuka jina, yule kijana aliutafuta akaupata. Nimewahi kuona ujuzi wa namna hiyo kwa wakutubi wachache sana waliosomea kazi hiyo.

Na alitoza. Iwe kwa wimbo, iwe kwa kujaza kadi nzima, fedha ilipita mkononi mwake na hakuna shilingi iliyomfikia mtunzi. Hili halina utetezi. Wakati huo huo soko la albamu la Dar es Salaam lilikuwa linakufa. Msanii wa Bongo Fleva wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipeleka albamu kwa msambazaji Kariakoo, akapewa fedha zake, mara nyingi kidogo na kwa mkataba mbaya, kaseti zikaenda mikoani. Miaka kumi baadaye kazi ya kutoa albamu ilikuwa haina maana tena kwa wengi wao. Walitoa wimbo mmoja mmoja, wakaugawa bure kwa watangazaji na waandishi wa mtandaoni, wakitumaini kuitwa kwenye maonyesho. Aliyekuwa na sura ya jukwaani alipona. Aliyekuwa mtunzi tu, au mpiga kinanda wa studio, au mzee wa dansi ambaye miguu haikuweza tena kusimama usiku mzima ukumbini, hakupata chochote. Anayeikumbuka enzi hiyo kwa furaha bila kuwakumbuka watu hawa anasimulia nusu ya habari.

Pembeni ya vibanda zikaja tovuti za kushushia nyimbo. Waptrick na Tubidy ziliwekwa kwenye kila simu yenye intaneti hafifu. Baadaye kukawa na tovuti za kwetu wenyewe, nyingi zikitumia Hulkshare kuhifadhi mafaili. Hapa ndipo mnakili wa mapenzi alipopokewa kijiti na mfanyabiashara wa matangazo, na mabadiliko hayo yanaonekana ndani ya faili lenyewe. Mnakili wa kaseti alijitahidi kuandika jina la bendi hata likakatwa. Tovuti ya matangazo ilifuta jina la msanii ikaandika anwani yake. Ikafuta jina la albamu, ikaandika anwani yake tena. Nyingine ziliingiza sauti ya kujitangaza katikati ya wimbo, juu ya ubeti wa pili. Nina mafaili ya miaka ile ambayo ukiyafungua leo yanakwambia tovuti tu, na tovuti yenyewe haipo.

Makosa yalikuwepo hata kwa wanakili wema, lazima niseme. Wimbo wa Bobby McFerrin wa mwaka 1988 unaotuambia tusiwe na wasiwasi ulizunguka dunia nzima kwenye Napster na Kazaa, programu nyingine ya namna hiyo, ukiwa na jina la Bob Marley, aliyekuwa amefariki tangu 1981. Mtu mmoja alikosea, maelfu wakanakili kosa. Nyimbo za dansi za Tanzania zilipewa bendi za Kenya, na za Kongo zikapewa za Tanzania. Lakini kosa la mtu anayejaribu kukumbuka linaweza kusahihishwa na mtu mwingine anayekumbuka vizuri zaidi. Jina lililofutwa makusudi ili kuuza tangazo halirudi.

Kuna hoja moja ya upande wa wanakili ambayo siwezi kuiacha, kwa sababu inatuhusu sisi kuliko inavyomhusu mwanafunzi wa Boston. Yeye alikuwa na duka la CD mtaa wa pili. Aprili 2003 Apple ilifungua duka lake la iTunes, senti 99 kwa wimbo, na watu wakasema sasa hakuna kisingizio. Mwanzoni duka hilo lilitaka kadi ya benki ya Marekani. Spotify, huduma ya kusikilizia muziki mtandaoni, ilizinduliwa Ulaya Oktoba 2008. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ziliingizwa mwaka 2021. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, kijana wa Tabora aliyetaka kupata wimbo kihalali kutoka kwenye huduma hizo mbili hakuwa na mlango wa kuingilia hata akiwa na fedha mkononi. Na aliyetaka wimbo wa Tanzania wa mwaka 1978 hakuwa na mahali popote pa kuununua, kwa fedha yoyote. Kwa wimbo kama huo, kaseti iliyonakiliwa haikumpokonya mtu soko, maana soko halikuwepo.

Na hii inanirudisha kwenye utunzaji. Kwa miongo kadhaa, bendi za Tanzania zilirekodi hasa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, na bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, hata njia hiyo ikawa ngumu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki huo haikuwahi kuwa santuri wala bidhaa dukani. Ilibaki kwenye mikanda ya redio, na kwenye kaseti za watu waliorekodi nyumbani wakati wimbo ukichezwa hewani, kidole kikiwa juu ya kitufe, wakiomba mtangazaji asiongee mapema. Leo ukisikiliza zilipendwa kwenye YouTube, zilizowekewa picha moja isiyosogea, sikiliza kwa makini kabla gitaa halijaingia. Mara nyingi utasikia mvumo wa kaseti. Ni kazi ya mnakili yule yule wa zamani iliyopandishwa upya, wakati mwingine na mtu asiyehusika kabisa ambaye sasa ndiye anayepokea fedha za matangazo.

Tunajiambia kwamba kila kitu sasa kipo mtandaoni. Historia fupi ya mtandao inasema vingine. Januari 2012 serikali ya Marekani iliifunga Megaupload, tovuti ya kuhifadhi na kugawana mafaili, na pamoja na filamu za wizi vikapotea viungo vya watu waliokuwa wakipakia kaseti na santuri za Kiafrika zisizouzwa. Novemba 2016 ilifungwa What.CD, jumuiya ya siri ambayo wanachama wake waliandika maelezo ya kila toleo la kila albamu kwa uangalifu ambao kampuni zenyewe hazikuwa nao. Machi 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa tangu 2003 hadi 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Ilikadiriwa kuwa zaidi ya nyimbo milioni 50. Viungo vingi vya Hulkshare vya Bongo Fleva ya 2011 na 2012 leo havifungui kitu. Hizo ni nyimbo za watu walio hai, ambao wengine wao hawana nakala ya kazi zao wenyewe kwa sababu studio ilifungwa, diski ikaharibika, na waliamini kwamba wimbo ukishakuwa mtandaoni umehifadhiwa.

Majukwaa ya kusikilizia muziki hayakuundwa kutunza, na sidhani ni haki kuyalaumu kwa kutofanya kazi ambayo hayakuahidi. Yanakodisha. Lakini tuone yanavyogusa muziki usio na kelele. Tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 kwa mwaka. Kwa kijana wa sasa mwenye wafuasi hilo si kitu. Kwa wimbo wa taarabu wa Zanzibar ambao wanaoujua wamebaki wazee wachache wa mitaa ya Ng'ambo mjini humo na jamaa zao wa Muscat, maana yake ni kwamba hata familia ikifanya kila kitu kwa utaratibu, hakuna senti itakayorudi, na bila senti hakuna atakayejihangaisha kuuweka. Msikilizaji naye hana tena nakala. Mwaka 2008 wimbo ukifutwa mtandaoni ulikuwa umebaki kwenye memori kadi za watu. Leo ukifutwa umefutwa kwa wote siku moja.

Ndiyo maana sitaki Napster irudi, na sitaki vibanda vitukuzwe. Nataka kazi ya mnakili ipate nyumba halali, na mwenye wimbo alipwe. Njia zipo. Brian Shimkovitz alianza mwaka 2006 kupakia bure kaseti alizozikusanya Afrika Magharibi. Tangu 2011 ameendesha lebo inayowatafuta wasanii wale wale, inasaini nao mikataba na kugawana nao faida nusu kwa nusu. Mtu ambaye kisheria alikuwa mkosaji aligeuka kuwa anayempigia simu mwanamuziki aliyesahaulika na kumtumia fedha. Mtunza kaseti wa Tanga au Kisumu angeweza kufanya hivyo hivyo kama pangekuwa na ofisi ya kumwambia mwenye haki ni nani na anapatikana wapi.

Ujerumani tangu 1965 hutoza ada kwenye vifaa vya kunakilia, ikikubali kwamba watu watanakili nyumbani na kwamba watunzi walipwe kwa hilo. Tanzania nayo imeingiza tozo ya aina hii katika sheria katika miaka ya karibuni. Ningependa fungu la fedha hizo litengwe kwa kazi ya kunakili mikanda ya redio na kaseti za watu binafsi kwa viwango vinavyofaa, pamoja na kuwalipa wazee wanaoweza kukaa na vipokea sauti masikioni wakasema: huyu anayeimba ni fulani, solo ni la fulani, wimbo huu aliutunga fulani alipogombana na kiongozi wa bendi. Maelezo hayo yamo vichwani mwa watu wenye umri wa miaka 70 na 80. Na wenye kaseti waruhusiwe kuzileta bila hofu ya kuitwa wezi.

Muda wa kulifanya hili una tarehe. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alifariki 1950, kwa hiyo tungo zake zimekuwa za umma tangu mwanzo wa karne hii. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Mwisho wa 2029, tungo zake nazo zitakuwa huru kwa yeyote kuzirekodi na kuzigawa. Familia yake ina miaka iliyobaki ya kunufaika kwa haki, na sisi tuna muda huo huo wa kuhakikisha kwamba zitakapokuwa za kila mtu, ziwe na sauti safi na majina kamili ya wote waliopiga katika bendi zake, Morogoro Jazz na Super Volcano. Kazi hiyo inaweza kuanza na mikanda iliyopo redioni, kwa mashine moja nzuri ya kuichezea na watu wawili wanaoujua muziki wenyewe.